Friji inamaliza umeme wa Tukuza (umeme wa kulipia kabla, Zanzibar)

Mkaazi wa Wete:
Assalaam alaykum. Mota ya friji inanguruma kutwa, haipumziki, na yuniti zinakwisha mbio. Nianze wapi?

Fundi Mwanakwerekwe:
Waalaykumu salaam. Anza na mpira wa mlango. Bana noti mlangoni, funga, ivute. Ikitoka kwa ulaini, joto na unyevu vinaingia. Uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni. Ukiwa umepasuka, badilisha. Kisha chomoa plagi, sugua vumbi la waya za nyuma kwa brashi, na iache sentimita 10 kutoka ukutani.

Bi Chake:
Barafu ikizidi milimita 5, iyeyushe. Tafadhali, usichokoe kwa kisu! Utatoboa bomba la gesi.

Fundi Mwanakwerekwe:
Kweli kabisa. Baridi ya ndani, nyuzi 4 za Selsiasi zinatosha.