Naomba ushauri: foleni moja, programu mbili, ujumbe unagawanyika

Mkazi wa Ngamiani
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ofisi yetu hapa Tanga hupokea vifurushi vya kusafirishwa kwa mabasi hadi Muheza, Korogwe na Lushoto, na kila kifurushi kikisajiliwa, mfumo hutuma ujumbe kwenye foleni iitwayo MIZIGO ndani ya ActiveMQ, programu inayopokea ujumbe na kuugawa kwa programu nyingine. Foleni hiyo husomwa na programu mbili: moja humtumia mpokeaji SMS, nyingine huingiza malipo kwenye hesabu. Tatizo ni kwamba mzigo uliotumiwa SMS haumo kwenye hesabu, na uliomo kwenye hesabu mwenyewe hakuarifiwa. Je, niifanye MIZIGO kuwa topiki, yaani njia ambayo kila msomaji hupata nakala yake ya ujumbe? Nachelea kwamba programu ya hesabu ikizimika kwa kukatika umeme, ujumbe wa wakati huo utapotea.

Fundi wa Chumbageni
Waalaykum salaam, kaka. Foleni inafanya kazi yake ipasavyo: kila ujumbe hupewa msomaji mmoja tu, kwa hiyo wasomaji wawili hugawana. Hofu yako nayo ina msingi, kwa sababu topiki ya kawaida humpa ujumbe yule aliyeunganishwa wakati huo tu. Mtumaji na apeleke kwenye VirtualTopic.Mizigo, yaani topiki inayonakili kila ujumbe kwenye foleni ya kila msomaji, programu ya SMS isome foleni ya Consumer.Sms.VirtualTopic.Mizigo, na ya hesabu isome Consumer.Hesabu.VirtualTopic.Mizigo. Kila upande utapata nakala yake, nayo itasubiri kwenye foleni hadi programu irudi. Usikosee tahajia, kwani ActiveMQ huutambua mpango huu kwa majina hayo.

Bi Raskazone
Naunga mkono, ila kuna jambo wengi hulipuuza. Foleni hizo huundwa programu inapounganishwa kwa mara ya kwanza, na ujumbe uliotangulia hauna pa kukaa. Zitangaze mapema kwenye faili la mipangilio, activemq.xml, sehemu ya destinations. Vilevile, ujumbe ulioshindikana hata baada ya kurudiwa mara 6, kwa mipangilio ya kawaida, huishia ActiveMQ.DLQ, foleni ya ujumbe ulioshindikana, ambako wa SMS na wa hesabu huchanganyika. Tumia mpangilio wa individualDeadLetterStrategy ili kila foleni iwe na foleni yake ya ujumbe ulioshindikana, na pawe na mtu wa kuzikagua kila asubuhi, maana malipo yaliyolala humo ni fedha za watu.

Mkazi wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Na ujumbe uliobaki kwenye MIZIGO?

Fundi wa Chumbageni
Zima kwanza wasomaji wa zamani, la sivyo wataendelea kugawana. Foleni mpya zikishakuwepo, andika programu ndogo isome MIZIGO na kuutuma upya kila ujumbe kwenye VirtualTopic.Mizigo.