Naomba ushauri: krimu ya pasheni haishiki hata ikipoa

Habari zenu wapishi. Naomba msaada kwenye krimu ya pasheni ya kujazia katikati ya keki. Ikiwa jikoni inaonekana nzito, lakini hata ikilala kwenye friji usiku kucha, ukikata keki inachuruzika pembeni.

Vipimo ni juisi mililita 120, viini vya mayai 4, sukari gramu 100, siagi gramu 80. Pasheni natumia zilizokunjamana ganda, ndizo zenye harufu na utamu. Nyama yake inapita kwenye blenda sekunde 3 tu kisha nachuja. Ukizidisha, mbegu zinasagika na juisi inajaa chembe nyeusi.

Viini na sukari napiga kwanza, naongeza juisi, halafu bakuli linakaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, bila kugusa maji. Bakuli ni la kioo, kwa sababu uchachu wa pasheni kwenye alumini huleta ladha ya chuma. Nakoroga dakika 8 hivi na kuepua mara tu krimu inapoanza kushika mwiko, nikihofia mayai yasije yakaganda mabongemabonge. Siagi inaingia mwisho, kipande kimoja kimoja.

Nahisi naepua mapema. Mnaotumia kipimajoto, mnafikisha nyuzi ngapi? 75 zinatosha au nisogee karibu na 80? Na je, niongeze kiini kimoja au siagi? Wanga wa mahindi sitaki kabisa, unafifisha harufu ya pasheni.