Laptopu ya steshenari imeingiliwa na programu ya kijasusi, nataka Windows na Linux zikae pamoja

Steshenari_Uyole

Wakuu habari zenu, na shikamooni kwa wanaostahili.

Nina fremu ya steshenari hapa Uyole, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu. Nachapa, natoa kopi, naskani vyeti na kutengeneza picha za pasipoti. Laptopu ni moja tu: RAM GB 4, diski GB 500 ya ile ya zamani inayozunguka, Windows 10. Hiyo ndiyo inayolipa kodi ya fremu.

Mwezi wa sita nilimwita fundi aniwekee programu ya kuhariri picha. Akaja na ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, kwenye flashi. Antivirusi ikapiga kelele, akaizima, akaniambia zote ndivyo zinavyofanya, nisiiwashe tena. Nikamwamini. Hazikupita wiki mbili, mteja wangu wa Tukuyu akapiga simu: "Mama, CV nimekutumia kwa imeili mara tatu, mbona kimya?" Nikamwambia aitume tena tukiwa hewani, nami macho yako kwenye skrini. Haikuingia. Nilipohangaika sana nikaikuta kwenye Taka, pale zinapokaa barua zilizofutwa, na zile tatu za mwanzo zipo hapohapo, na za watu wengine ambazo sijawahi kuziona. Siku hizohizo, nachapa ripoti ya mwanafunzi usiku na koti juu kwa baridi, ile taa ndogo ya kamera ikawaka yenyewe. Nikabandika plasta.

Nimeshafomati mara mbili, shilingi elfu kumi na tano kila mara. Ya kwanza nilirudisha kazi zangu zote kutoka kwenye diski ya nje, siku ya pili taa ikawaka. Ya pili nikafanya vilevile, yakawa yaleyale.

Usingizi unapotea nikifikiria folda niliyoiita Wateja. Mna skani za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za mikopo, za miaka miwili. Watu walinipa wakiniamini, wengine ni majirani, wengine wazee walioshushwa na daladala kutoka Isongole wakanikabidhi bahasha nzima niwapangie.

Kijana mmoja wa chuo ameniambia niweke Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwamba virusi vya kwenye flashi za wanafunzi haviwezi kuniangusha huko. Lakini printa yangu ya picha programu yake ni ya Windows tu. Naomba kujua: vyote viwili vinaweza kukaa kwenye mashine moja? Na kwa nini kidudu kinarudi kila nikifomati? Naombeni mnieleze kwa Kiswahili cha kawaida, kazi imesimama.

Mwalimu_Kihesa

Kamwene dada, pole sana. Nafundisha kompyuta huku Iringa. Kabla hujagusa chochote, ifunge hiyo laptopu. Tafuta kompyuta nyingine ambayo flashi yako haijawahi kuingia, uingilie kwenye imeili kutokea huko.

Fomati inasafisha diski, lakini kilichokwisha kuchukuliwa hairudishi. Programu za namna hii hukomba nywila ulizokiachia kivinjari kikukumbukie. Zinachukua na vidakuzi, yaani vile vifaili vidogo vinavyoitambulisha Gmail kwamba wewe umeshaingia. Mwenye kidakuzi chako anaingia bila kuulizwa nywila. Ndiyo maana kubadilisha nywila peke yake hakutoshi. Badilisha, kisha viondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili. Na kwenye simu fungua WhatsApp, angalia vifaa vilivyounganishwa, toa kila usichokitambua.

Halafu nenda kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya vichujio na sehemu ya kusambaza barua. Barua haziendi Taka zenyewe. Kuna mtu ameweka kanuni pale, na kanuni hiyo inakaa kwenye akaunti yako, si kwenye laptopu. Ungefomati mara kumi ungeikuta.

Kuhusu kurudi kwa kidudu, mimi naishuku diski yako ya nje. Bila shaka una folda ya programu humo, na ile ya kraki imo. Kila ukifomati unairudisha kwa mkono wako. Safari hii rudisha nyaraka na picha peke yake: docx, pdf, jpg. Faili za exe, bat, vbs, scr na lnk, zile zinazoweza kuendesha programu, usirudishe hata moja.

Na wateja waambie, dada. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata tusingekuwa nayo ningekuambia hivihivi. Mzee wa Isongole akipigiwa simu na mtu anayemtajia namba yake ya NIDA yote, ataamini ni ofisi ya serikali. Kama ulishamwonya, atakata simu. Mwambie na namba ya kutuma jumbe za matapeli, 15040.

Fundi_Kabwe

Mwalimu amemaliza upande wa akaunti. Mimi nina fremu hapa Kabwe, naongezea upande wa mashine. Dada, ndiyo, vinakaa viwili. Ukiwasha unaulizwa unataka kuingia wapi.

Na ungepaswa kuhama hata bila tukio hili. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huo nyingi hazina TPM 2.0, kijichipu cha usalama kinachodaiwa na Windows 11. Kwa hiyo Windows ibaki ya printa ya picha tu, intaneti izimwe. Imeili, kuchapa na flashi za wateja vyote vihamie Linux. Linux ziko za aina nyingi; chukua Linux Mint toleo la Xfce, ni jepesi, kwa GB 4 litakwenda.

Anza na Windows, Linux ifuate. Ukigeuza, Windows itajifanya iko peke yake na Linux hutaiona ukiwasha. Flashi zote mbili za kusimika zitengenezwe kwenye kompyuta safi, kila moja GB 8 inatosha. Faili la Windows lichukue kwa Microsoft wenyewe, la Mint kwenye tovuti ya Mint, na uilinganishe alama ya SHA256 ya faili ulilopakua, herufi zote 64, na ile iliyoandikwa kwenye tovuti, ujue halijachezewa, kabla ya kuliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Usikubali kupewa na mtu kwenye flashi. Umeshaona yaliyotokea.

Hapa sasa ndipo wengi wanapoumia. Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukizima kompyuta haizimi kabisa, inalala, na Linux ikiikuta imelala hivyo haitakubali kuandika kwenye upande wake. Kizime kwanza. Angalia pia kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la diski. Ikiwa imefungwa, hakikisha ufunguo wa tarakimu 48 umeuandika kwenye karatasi. Kisha punguza diski ukiwa ndani ya Windows yenyewe, toa GB 100 za Linux. Chaja iwe imechomekwa na betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kugawa diski unaweza kupoteza vyote.

Kuwasha kutoka kwenye flashi, bonyeza F12 au F9 kutegemea mashine. Mint itafunguka bila kusimikwa. Ichezee hapo kwanza: jaribu Wi-Fi, sauti, skana, printa ya kawaida. Kikigoma kitu, zima, hujapoteza chochote. Ukiridhika, chagua kuisimika kando ya Windows. Ile ya kufuta diski yote usiiguse.

Saa ikichanganyikiwa usiogope. Linux huiandika saa ya mashine kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu, Windows huisoma kama saa ya hapa, kwa hiyo Windows inabaki nyuma saa tatu. Fungua kidirisha cha amri cha Mint, andika: timedatectl set-local-rtc 1

Kama huna kompyuta safi njoo Kabwe, utatumia ya kwangu.

Mchapaji_Njombe

Nachapa kwa Linux mwaka wa nne sasa hapa Njombe. Dada, ripoti za wanafunzi karibu zote ni Times New Roman 12, na Mint haiji na herufi hiyo. LibreOffice itaweka Liberation Serif badala yake, ambayo upana wa kila herufi ni uleule, hivyo mistari haihami. Majedwali ndiyo huyumba. Mteja akiwa na PDF, chapa PDF.

Jambo la flashi naomba liwe wazi. Virusi vya flashi huficha mafaili na kuweka mishale midogo, yaani njia za mkato, badala yake; hiyo mishale ni faili za lnk, na Linux haiziendeshi. Lakini flashi yenyewe inabaki na ugonjwa, ukimrudishia hivyo anaupeleka kwingine. Na usijione umekingwa na kila kitu: ukurasa wa uongo unaokuomba nywila unakula mtu wa Linux sawasawa na wa Windows.

Steshenari_Uyole

Ndaga fijo, wote.

Mwalimu, ulisema kweli. Kichujio kilikuwepo. Kimewekewa maneno matatu: CV, NIDA, kitambulisho. Chochote chenye neno mojawapo kinatumwa kwenye anwani nisiyoijua, halafu kinatupwa Taka. Nilikaa nikiitazama ile anwani mikono inatetemeka. Nimekifuta, nimebadilisha kila kitu, na WhatsApp kulikuwa na kifaa kimoja ambacho si changu. Na programu ya kraki niliikuta kwenye diski ya nje, folda ya Vifaa, kama ulivyosema.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kabwe, fundi akanisimamia lakini akaniacha nifanye mwenyewe. Saa imenichanganya kweli: jana Windows iliniambia ni saa moja asubuhi na mimi nina foleni ya saa nne. Ile amri imeirekebisha.

Leo mchana msichana wa chuo kaja na flashi analia, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imegeuka mishale mitupu na kesho anaikabidhi. Nikaichomeka kwenye Mint. Mishale ipo, lakini chini yake kuna folda moja ambayo haina jina kabisa, pale panapokaa jina ni pakavu. Kule alikotoka walikuwa hawaioni kwa sababu Windows iliificha. Nikaifungua, ripoti yake imo nzima, kurasa 47. Nimemchapia na kufunga waya, nikanakili docx na picha zake pembeni, nikaifomati flashi nikamrudishia nazo tu.

Folda ya Wateja nimeifuta. Kuanzia sasa skani ikishatoka, inafutwa mteja akiwa bado amesimama mbele yangu. Majina nilikuwa nayo kwenye daftari la risiti, nimeshawapigia 26. Wengi walinyamaza kidogo kisha wakauliza wafanyeje, nikawaeleza. Mmoja alinikasirikia sana na nilimwacha aseme mpaka amalize. Wamebaki wanne. Watatu nitawapata sokoni kesho, wa nne yuko Chunya na simu yake haipatikani, nimempa ujumbe dereva anayekwenda huko alfajiri.