Tupeane uzoefu: kufundisha Kiswahili Uganda kwa hadithi ya safari

Ticha wa Masaka
Wakuu, habari za jioni. Leo nikiwa kwenye kamunye, daladala ya huku, abiria wa nyuma kapaza sauti "maaso awo!" ashushwe, na mtoto wa shule aliyekaa pembeni yangu akasema taratibu, "nishushe hapo mbele." Ni mwanafunzi wangu wa Senior 1. Nimefurahi hadi nikapitiliza kituo.

Zamani nilikuwa naanza na ngeli ubaoni, watoto wanasinzia. Sasa muhula mzima ni safari moja tu: msichana anatoka Masaka kwenda kwa shangazi yake Bukoba. Kila kipindi ni kituo. Pale mpakani Mutukula havuki mtu mpaka amjibu afisa wa uhamiaji kwa sentensi kamili. Ki-vi wanaipata kwenye kiti kilichochanika na viti vilivyojaa, wala jina lake sijalitaja. Saa ndiyo rahisi kuliko vyote, maana Waganda nao wanahesabu kama sisi, ssaawa bbiri ni saa mbili. Nyie mnafanyaje? Semeni na yaliyoharibika.

Kaka Mbarara
Saa sawa, nambari je? Tisa wao wanaiita "mwenda". Nauli ikifika tisa basi langu linasimama.

Binti Pwani
Kweli kabisa mkuu.

Mgeni Kabalagala
Mimi ni upande wa pili, safari ndiyo iliyonifundisha Kiganda. Nimetoka Moshi, siku ya pili Kampala naingia mgahawani naomba nyama kwa ndizi. Mama kaniletea nyama na vindizi vitatu vidogo vya kumenya, vitamu kama asali, akasimama ananitazama. Kumbe ndizi kwao ni hizo, za kupika ni matooke. Mwalimu, usiache mgahawa kwenye hadithi yako.

Mama Wawili
Umesema yaliyoharibika, mwalimu, na mimi langu sijamwambia mtu.

Natokea Tanga, nimeolewa Kampala. Nilikuwa nafundisha jioni kina mama wa nguo wanaofuata mzigo Kariakoo. Nikatunga safari: mama anatoka Kampala, fedha kiunoni, Masaka, Mutukula, Bukoba, mpaka Dar. Somo la kwanza, kituo cha mabasi. Nikapanga viti viwili viwili kama ndani ya basi, nikasimama mlangoni kama mpiga debe: "Haya, panda gari! Panda gari!" Wadogo wakaja mbio wanacheka. Mama mmoja mtu mzima, ndiye aliyekuwa akinishinda kwa bidii, hakusogea. Alikuwa na kalamu mkononi, na ile kalamu inagonga daftari, inagonga, hajijui. Nikadhani hajaelewa. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Panda gari, mama.

Akafunga daftari, akalifunika kwa leso, akatoka.

Aliyenieleza ni jirani yake. Miaka ya mwanzo ya 80 wanajeshi walikuwa wanazingira mitaa, wanapakia watu kwenye malori, na misako yenyewe watu waliita panda gari. Kaka yake alikwenda kuchukua shati kwa fundi cherehani. Shati lilibaki kwa fundi. Nimekaa Kampala miaka sita na neno hilo nilikuwa natamka kila siku mbele ya watu wenye umri huo.

Binti Pwani
Jamani. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Mengo
Binti yangu, ahsante kuandika. Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 11. Kiswahili nilikijua maneno matatu: panda gari, lala chini, toa pesa. Neno "karibu" niliambiwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, na dereva wa lori wa Mombasa, tuko kwenye foleni ya mpakani Malaba. Alinimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake. Nikamuuliza karibu maana yake nini.

Sanifu Daima
Poleni sana. Lakini neno halina kosa. Mkiondoa "panda" mtapandaje mlima, mtapanda nini shambani? Fundisheni lugha kamili.

Kaka Mbarara
Uko wapi wewe? Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa 1973, na wengi walikisikia kwa wenye bunduki. Baraza la mawaziri limepitisha 2022 kiwe lazima shuleni, vizuri, ila mtoto akirudi nyumbani anakariri mbele ya bibi yake. Mfikirie bibi.

Sanifu Daima
Niko Jinja mwaka wa 9, na mama mkwe wangu ni wa Luweero, kulikopiganwa vita miaka hiyo hiyo. Kwangu neno hilo tunalisema kwa mahindi na maharage, na yeye ndiye anayelisema.

Binti Pwani
Tumieni "ingia" yaishe.

Mgeni Kabalagala
Au "kwea".

Binti Pwani
Kwea ni ya minazi kaka!

Nyabo wa Iganga
Turudi kidogo kwenye mada. Wanangu h hawana, na r ikifuata a au u inageuka l. Habari inakuwa abali. Juzi msafiri wangu "amepiga kula". Nisahihishe katikati ya hadithi au nisubiri?

Sanifu Daima
Papo hapo, isije ikazoeleka.

Ticha wa Masaka
Hapana dada, usikatize. Mpe shangazi wa kwenye hadithi aseme "kura" mara tatu, watamfuata. Wangu walipofika Bukoba wakamwambia shangazi shikamoo, wasichana wote wakapiga magoti sakafuni bila kuambiwa. Ningesimamisha darasa kwa r moja wakati huo?

Kaka Mbarara
Mama Wawili, yule mama alirudi?

Mama Wawili
Alirudi wiki ya tatu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, akanikatiza. Akasema, "Mwalimu, anzisha safari tukiwa tumeshakaa." Basi sasa hadithi yangu inaanzia Masaka, abiria wako vitini, mmoja anamenya chungwa na kumgawia jirani. Neno la kwanza wanalojifunza ni "karibu", la pili "ahsante".

Mzee wa Mengo
Mwambie nimemsalimu.

Nyabo wa Iganga
Mama Wawili, hiyo sehemu ya Masaka unaweza kuiweka hapa? Nina kipindi Jumatatu.

Mama Wawili
Kesho jioni, nyabo. Iko kwenye daftari, naiandika upya.