Kikundi: WATOTO WA KOKO (BIBI), KADUTU, BUKAVU

Tantine Riziki, 06:14
Asubuhi njema familia. Narudilia: kila mutu dola 60. Tuko watu 9. Koko iko na siku ya ine bila umeme, jana alijikwaa kwa mulango wa jikoni juu ya giza. Jumapili nataka franga zote. Bahati atawaeleza mambo ya pano ya umeme wa jua.

Tantine Riziki, 06:15
Na musinijibu na mikono ya sala. Nataka makuta.

Tantine Furaha, 06:52
🙏🙏

Tantine Riziki, 06:52
Furaha!!

Bahati, 07:30
Shikamoo wakubwa. Nilipiga hesabu. Balbu 6 za wati 7, saa 5 kila usiku, ni wati-saa 210. Televizyo ya wati 50, saa 4, ni 200. Simu na redio tuseme 90. Jumla wati-saa 500 kwa siku. Pano 1 ya wati 200 inatosha. Mchana iko na saa 12, lakini jua kali mimi nahesabia saa 4 tu, juu ya mawingu yetu. 200 mara 4 ni 800, toa robo inayopotea njiani, inabaki 600.

Bahati, 07:33
Batri ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba wati-saa 1,200. Lakini batri ya risasi, aina ya ile ya gari, hautumie kupita nusu, itakufa mapema. Kwa hiyo pia 600. PASI YA NGUO HAPANA.

Tantine Furaha, 07:41
Na frigo? Koko anauzisha maji ya marakuja.

Bahati, 07:44
Frigo peke yake inaweza kula kuliko nyumba yote. Hiyo ni pano ingine na batri ingine.

Mugisho (Goma), 08:20
Juu ya nini pano tu? Tuweke mashini ya upepo, inazunguka hata usiku. Kenya kule ziwa Turkana beko nazo 365, zinatoa mpaka megawati 310.

Bahati, 08:31
Mugisho, Turkana upepo uko na njia yake, unapita kila siku. Kadutu ni nyumba juu ya nyumba, upepo unagonga ukuta wa jirani unarudi. Na upepo ukipungua nusu, nguvu haibaki nusu, inabaki sehemu 1 ya 8. Utasimamisha mulingoti wa mita 10 upate kitu cha kufukuza ndege.

Cikuru, 08:33
Tupandishe Mugisho mwenyewe juu ya mabati aongee, upepo utatosha 😂😂😂

Espoir, 08:34
😂😂 na batri itajaa mbele ya saa sita

Tantine Riziki, 08:40
Munacheka, Koko iko giza.

Espoir, 10:02
Mama Jolie kile kitenge kimefika?

Espoir, 10:03
Samahani, si hapa.

Tantine Furaha, 10:15
Banasema tena ni machupa ya plastiki ya ziwa imeziba mashini za umeme kule mto Ruzizi.

Cikuru, 10:17
Ruzizi ya kwanza inazunguka tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ni mukubwa wa Tonton Déo na bado inatumika. Si kama jenereta ya watu.

Tantine Riziki, 10:17
Cikuru, si leo.

Tonton Déo, 12:05
Nimesoma. Mambo ya jenereta nilieleza Uvira, nikaeleza tena kwa matanga ya Baba. Sieleze mara ya tatu, tena kwa mutoto.

Tantine Furaha, 12:09
Kueleza ulieleza, Yaya. Kurudisha njo hatukuona.

Bahati, 12:30
Wakubwa, kuna kitu natafuta kusema tangu asubuhi. Muti wa avoka wa Koko inatia mabati kivuli kutoka saa tatu mpaka saa saba. Seli za pano zimefungana moja nyuma ya ingine, tawi moja tu likifunika kipande, nguvu nyingi inaanguka. Ao avoka ikatwe, ao pano itafute fasi ingine.

Tantine Riziki, 12:32
Ikatwe. Zawadi, ita mutu wa musumeno kesho.

Zawadi, 14:10
Nilimusomea Koko. Anasema niandike vile anasema:
"Jenereta mulisema giza imekwisha. Ilikunywa petroli, ikaenda, haikurudi. Avoka baba yenu alipanda mwaka Riziki alianza masomo. Ililipa minervali, makuta ya masomo yenu wote, hata ya Déo. Siku mutu wa musumeno ataingia kwa parsele, mimi natoka."

Tantine Riziki, 16:47
Sawa Mama.

Cikuru, 17:20
Nimetuma 30. Ingine mwisho wa mwezi.

Bahati, 18:02
Basi pano iende kwa mabati ya chumba cha nyuma, cha Tonton Déo. Pale hakuna kivuli. Tutaiinamisha kidogo tu, mvua ioshe vumbi. Lakini waya itakuwa murefu, na kwa volti 12 waya murefu inataka kuwa munene, kama hapana tutapoteza mingi. Itaongeza dola 25 hivi.

Tantine Furaha, 18:05
Kile chumba funguo yake iko Uvira?

Tonton Déo, 19:38
Nitaona.

Tantine Riziki, 19:39
Yaya, nitaona ni ndiyo ao ni hapana?

Tantine Riziki, 20:15
Nimepokea Cikuru 30, Mugisho 60, Furaha 20. Benye wamesoma tangu asubuhi na kunyamaza, alama za buluu naziona. Na ile 25 ya waya nani anabeba?

Mugisho (Goma), 21:04
Lakini ile ya upepo, hata ndogo?

Bahati, 21:10
Jumamosi saa tatu nakuja kupima mabati. Munipatie ngazi. Ile ya nyumbani iko kwa nani?

Zawadi, 21:26
Koko anasema ilienda pamoja na jenereta.