Orodha ya mwani Mwambani imefupika: tuandike kwamba spishi zimepotea?

mwambao_TGA
Habari za asubuhi, wadau. Tuna orodha ya mwani wa miambani, Mwambani na Kigombe, ya miaka ya mwanzo baada ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga kutangazwa 2009. Sasa tumehesabu upya sehemu zile zile na majina ni machache. Ya zamani ilifanywa wakati wa kusi, hii wakati wa kaskazi, na fremu (miraba ya kuhesabia inayolazwa mwambani) za safari hii hazifiki idadi ya zile. Ripoti inataka jibu moja: aina zimepungua au hazijapungua?

bamvua_kuu
Usiandike bado, mkuu. Fremu zikiwa chache, majina lazima yawe machache, maana spishi adimu hunaswa na fremu za mwishomwisho. Chukua data ya zamani, chomoa kwa bahati nasibu fremu zenye idadi sawa na za sasa, hesabu spishi, rudia mara 1,000, kisha tafuta wastani. Huo wastani ndio wa kulinganisha na hesabu mpya.

La pili ni msimu. Sargassum, mwani mkubwa wa kahawia, ikishazaa huangusha matawi na kubaki kishina kilichoshika mwamba. Asiyejua hupita juu yake akaandika "hakuna". Rudieni wakati wa kusi. Tena chagueni bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) yenye kina kile kile kwenye jedwali la maji, si tarehe tu. Huku maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kwa hiyo ingieni saa tatu na mfuate maji yanavyorudi nyuma. Mkichelewa mtakosa ukingo wa chini, na mwani mwekundu mwingi uko huko.

Fremu iwe ya sentimita 50 kwa 50, nyuzi kila sentimita 10: vyumba 25, kila kimoja asilimia 4. GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa, kwa hiyo msiitegemee kurudi kwenye alama. Ombeni kibali cha hifadhi mgongomee vipande vya nondo kwenye mwamba mfu.

kitunda_mwani
Naongeza la majina, maana wengi huliruka. Jenasi (kundi la spishi za karibu) ya mwani wa kijani Enteromorpha iliunganishwa na Ulva mwaka 2003. Orodha ikiandikwa na mtu aliyetumia kitabu cha zamani, utaona jenasi "imetoweka" kumbe iko palepale kwa jina jingine. Pitisheni orodha zote mbili kwenye majina ya sasa kabla ya kuhesabu chochote. Na kama mmojawapo alichanganya nyasi bahari, ziondoeni: zina mizizi na maua, si mwani.

Bila vielelezo vilivyokaushwa ubishi hautaisha. Oshea kwa maji ya bahari, si ya bomba, kwani maji yasiyo na chumvi hupasua seli za mwani mwekundu na rangi huvuja. Tandaza mwani kwenye karatasi ndani ya sinia lenye maji, funika kwa kitambaa chepesi, kandamiza kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku hadi ukauke. Halimeda na Amphiroa zina chokaa: zikiwekwa kwenye formalini ambayo haijatiwa boraksi, asidi huila chokaa na unabaki na uji.

mwambao_TGA
Asante sana. Je, Eucheuma, mwani unaolimwa, iliyookotwa nje ya mashamba ihesabiwe?

bamvua_kuu
Iandikwe, lakini safu yake peke yake. Eucheuma denticulatum ipo ya asili Afrika Mashariki, na ipo ya mbegu iliyotoka Asia ya Kusini-Mashariki kwa ajili ya kilimo. Kwa macho huwezi kuzitenga. Inatakiwa DNA, kipande kidogo kwenye silika jeli (chembe za kukaushia). Ukizijumlisha, mbegu iliyotoroka kwenye kamba za mashamba itaonekana kama utajiri wa hifadhi.

kitunda_mwani
Na msiishie kwenye idadi ya spishi, jamani. Mathalani fremu mbili zina spishi tano kila moja: ya kwanza zimegawana eneo, ya pili Ulva imeshika asilimia 80. Idadi ni sawa, mwamba si ule ule. Toeni asilimia ya ufuniko kwa kila kundi: wakubwa wa kahawia, wa chokaa, na zulia fupi la mwani mchanganyiko. Zulia likitanda, uliza kuhusu samaki tasi, pono na kangaja, ambao ndio hulila, na uliza kama hapo palipigwa baruti: vifusi vya matumbawe hubingirika na wimbi, na mwani unaokua polepole haushiki. Matumbawe yaliyopauka 1998 na 2016 yakafa, nayo huvaa zulia hilohilo, kwa hiyo miaka hiyo iwekeni alama kwenye grafu.

bamvua_kuu
Kwa ripoti ya sasa andika: "Orodha mbili hazilinganishiki kabla ya kusawazisha fremu, msimu na majina." Halafu ambatisha data ghafi ya fremu moja moja, si jumla.