Ampea 300 za kwenye stika: hivi wauzaji wa mashine za kuchomelea mnatuonaje?

Wakuu, leo nina hasira na sizifichi.

Nimestaafu, nina miaka 61, na nimeamua kujifunza kuchomelea vyuma hapa hapa nyumbani. Sitafuti ajira. Nataka banda la kuku na grili za dirisha la jikoni bila kumbembeleza fundi anayechukua advansi kisha anazima simu. Nikaenda Kariakoo, duka fulani, nikauziwa mashine ya invata, ile ndogo nyepesi ya kuchomelea kwa umeme, yenye stika kubwa ya njano: 300A. Muuzaji akaapa kwamba inachomelea mpaka chesi ya lori.

Rodi, ule ujiti wa kuchomelea, ya milimita 2.5 ikigusa tu skwea paipu, inang'ang'ania. Unaivuta haitoki, inageuka nyekundu, mashine inaguna. Moto ukikubali kuwaka unapata vidonge vidonge vilivyokaa juu ya chuma, ukigonga na nyundo vinadondoka vyote. Narudi dukani, naambiwaje? "Mzee, mkono unatetemeka, hii kazi ya vijana."

Mkono wangu! Nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu, kijana ana adabu zake, akanipa holda (mshikio wa rodi) ya mashine yake, akaseti ampea 80, rodi ikatoka kwenye pakiti yangu mwenyewe. Ikatiririka. Mstari ulipinda, ndiyo, lakini chuma kilishikana na ganda la juu ya mshono likabanduka kwa kuguswa tu. Mkono ni huu huu.

Halafu hebu tupige hesabu. Kuchomelea kwa ampea 300 kunataka volti kama 32 pale kwenye moto, yaani kilowati 9 na ushee. Soketi ya nyumbani ya ampea 13, kwa volti 230, haifikishi hata 3. Hizo nyingine zinashuka kutoka mbinguni? Na rodi ya 2.5 inataka ampea 60 hadi 90 tu! Wangeandika 120 za kweli ningenunua bila hata kuomba punguzo.

Nikakwangua waya wa ethi, ule unaobanwa kwenye chuma, kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe, aluminiamu tupu. Mpira mnene, waya wenyewe kiduchu.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni ile ngao ya uso niliyopewa "zawadi". Kioo hakina namba yoyote ya kuonyesha giza lake. Kuchomelea kwa rodi kunataka kioo cha namba 10 au 11, na asiyelijua hilo anachomelea mchana vizuri tu, usiku macho yanamwaka kama yamemwagiwa mchanga. Mnampa mtu kitu hicho mkimwita mzee wetu?

Kurudisha mzigo wamekataa. Wananionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Anayejua duka linalokuacha uchomelee kipande mbele yao kabla hujatoa hela, aandike hapa. Na wewe unayejiandaa kuniambia nitulie nicheze bao, usijisumbue, bao nacheza jioni.